Tawi la Reli Mezani

Husemwa mara nyingi kwamba Mwingereza anayejenga modeli ya tawi la reli anaomboleza reli zilizofungwa. Wenye kusema hivyo huanzia 1963, Dkt. Richard Beeching, mkuu wa reli za Uingereza, alipotoa ripoti yake na kupendekeza zifungwe stesheni 2,363 na njia zenye urefu wa kilometa 8,000 hivi, nyingi zikiwa za vijijini. Maelezo hayo yana mvuto, lakini tarehe ya fani yenyewe haiyaungi mkono. Tawi lilikwisha kutawala meza za mafundi kabla Beeching hajaandika neno. Lililoliweka hapo ni ufinyu wa nyumba. Majonzi yalifika baadaye, yakaikuta kazi inaendelea.

Modeli za mwanzo zilikuwa kubwa, nyingine zikitandazwa bustanini kwa wenye nafasi na fedha. Mwaka 1922 W. J. Bassett-Lowke alileta sokoni reli ya mezani iliyotengenezwa na kiwanda cha Bing cha Ujerumani, na 1938 ikaja nyingine, Hornby Dublo. Skeli iliyozoeleka Uingereza ikawa milimita 4 kwa futi moja, yaani 1:76. Hata kwa udogo huo njia kuu haikuingia chumbani: maili moja ya reli halisi ilidai meta 21 za ubao, na treni ya haraka yenye mabehewa 12 ilipita meta 3 ikiwa imesimama tu. Tawi lilikuwa na injini ndogo, behewa moja au mawili, jukwaa moja na banda la mizigo. John Ahern alianza Madder Valley, reli ya kubuni, miaka ya 1930, akaizungushia vijiji na bandari wakati wengi hawakujali mandhari hata kidogo. Kasisi Peter Denny alianza tawi lake la Buckingham miaka ya 1940. Hawa hawakungoja reli ife.

Aliyeigeuza desturi hiyo kuwa kanuni ni Cyril Freezer, mhariri wa jarida la Railway Modeller kuanzia 1950. Fundisho lake lilikuwa lilelile kila mara: jenga stesheni ya mwisho peke yake, kisha nyuma ya ukuta au kilima ficha reli chache za kupangia treni, ziwe badala ya nchi yote iliyobaki. Mfano uliopendwa ni Ashburton, mji mdogo wa Devon uliounganishwa na Totnes mwaka 1872. Tawi zima, kilometa 15 hivi, lingedai karibu meta 200 za ubao. Ashburton peke yake ilitosha kwenye ukuta mmoja. Na shughuli haikukosekana. Injini iliyoleta mizigo hufunguliwa, hupita reli ya kando, hufungwa upande wa pili, kisha huanza kulitoa behewa la makaa huku na kulisogeza la ng'ombe kule, na kila behewa linaloziba njia lazima litafutiwe pa kungoja. Mabehewa sita yanatosha kumaliza jioni nzima. Abiria wa Ashburton walipoteza treni yao Novemba 1958, na mizigo ikafuata 1962. Wakati huo fundisho la Freezer lilikwisha enea.

Pingamizi zito linatoka kwenye jumba la makumbusho la Pendon. Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza 1925, aliona nyumba za kale za bonde la White Horse zikibomolewa au kuezekwa upya, akaamua kuzihifadhi kwa modeli. Huyo alisukumwa na huzuni, hilo halikaniki. Lakini alihuzunikia nyumba za wanakijiji. Treni zilikuwa bado zinapita. Kuta alizikata kwa kadi, akachora kila tofali na kulipaka rangi yake peke yake, jekundu hili, la kijivu jirani yake. Mapaa akayaezeka kwa katani ya mafundi bomba. Mwaka 1954 alianzisha jumba hilo la Pendon, kijijini Long Wittenham, na Madder Valley ikapelekwa huko baada ya Ahern kufariki. Mikononi mwa Roye England fani iliyozaliwa na uhaba wa nafasi iligeuka ushahidi wa historia.

Wapo wanaouliza: ushahidi gani, ikiwa reli zenyewe si za kweli? Swali ni la haki. Injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za zamani hazikuingia ndani ya bodi za milimita 3.5 kwa futi. Watengenezaji wakazikuza bodi hadi milimita 4, wakaziacha reli kwenye upana uleule wa skeli ndogo, milimita 16.5. Reli halisi ina upana wa milimita 1,435. Ya modeli, ukiikuza, haifiki 1,260. Mwaka 1966 vikatolewa viwango vya Protofour, milimita 18.83, na magurudumu nayo yakafuata vipimo. Nawaheshimu waliokubali taabu hiyo. Hata hivyo reli za Pendon zina milimita 18, na anayetafiti vijiji vya bonde lile hapotezi chochote kwa tofauti hiyo.

Kasoro kubwa iko kwingine, na mafundi hawajaijibu vya kutosha. Mapenzi ya reli za kampuni ya Great Western za Devon na Cornwall yameyafunika matawi ya migodi ya Wales na Durham, yenye masizi na jasho, ambayo nayo yalikuwa Uingereza. Tena mezani treni hufika kila baada ya dakika chache, ilhali tawi halisi lilikaa saa nyingi bila kitu kupita, na ukimya huo ndio uliowapa wahasibu sababu ya kulifunga. Ashburton leo haina reli: barabara ya A38 ilikatiza njia yake mwaka 1971. Anayetaka kujua mabehewa yalivyoingia banda la mizigo atategemea picha, michoro na modeli. Basi fundi na amwonyeshe pia saa ambazo treni haikuja.