Mathari na Sindano ya Mwezi

Kutoka Majengo hata Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, si mwendo wa siku. Lakini zamani, kwa mgonjwa wa akili, safari hiyo ilikuwa ndefu kupita zote, maana wengi waliopelekwa huko hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi kabisa.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitumiwa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Serikali ya kikoloni iliiita nyumba ya wenda wazimu. Jina la Mathari ilipewa mwaka 1924. Ndani yake wagonjwa walitengwa kwa rangi zao: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Kazi yake kubwa ikawa kufungia watu, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na dawa popote duniani ya kuutuliza vema ugonjwa wa skizofrenia. Mwenye ugonjwa huu husikia sauti wasizozisikia wenzake, na huamini mambo yasiyokuwapo, kama vile kwamba jirani zake wanamwandama wamdhuru.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1952, mjini Paris. Jean Delay na Pierre Deniker, madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne, waliwapa wagonjwa wao dawa iitwayo klorpromazini, wakaona watu waliokuwa na ghasia wakitulia na kuzungumza tena. Dawa ikaenea duniani. Hata hivyo, ilibidi vidonge vimezwe kila siku. Mgonjwa akipata nafuu alidhani amekwisha pona, akaviacha. Na baada ya majuma au miezi, zile sauti zikamrudia.

Ndipo katika miaka ya 1960 wataalamu walipobuni njia nyingine. Walichukua dawa iitwayo flufenazini, wakaiunganisha na asidi ya mafuta, kisha wakaiyeyusha katika mafuta ya ufuta, yale yale wayajuayo wapishi wetu wa pwani. Muuguzi huidunga ndani ya msuli, aghalabu wa tako. Humo hukaa kama akiba ghalani, ikiingia damuni kidogo kidogo kwa muda wa majuma 2 hadi 4. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo mtu ambaye zamani angalifungiwa miaka mingi aweza kulala kwake Majengo, kwenda kazini, kuswali na wenzake, na kufika kliniki mara moja au mbili tu kwa mwezi.

Lakini dawa hii ina madhara yake pia. Huweza kutetemesha mikono na kukakamaza viungo, na baada ya miaka mingi huweza kuuchezesha mdomo na ulimi bila hiari. Wala ikiisha kudungwa haitoleki. Kwa sababu hiyo yapasa mgonjwa aelezwe, naye akubali. Amdungaye mtu kwa nguvu, asipokuwa na haja kubwa, amemrudisha katika kifungo kile kile cha zamani.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Sindano yaweza kumfikisha mgonjwa mlangoni kwao. Kumkaribisha ndani ni kazi ya jamaa na jirani. Mtoto amfuataye njiani akimzomea, “Mtu wa Mathari!”, anaujenga tena kwa mdomo ukuta ulioanza kubomolewa kwa taabu ya miaka mingi.