Ukarabati wa nyumba Tukuyu: pima bomba kabla ya kupiga plasta

Miradi mingi ya maji wilayani Rungwe ni ya mserereko: maji hutoka kwenye vyanzo vya juu na kuteremka yenyewe hadi majumbani. Mteremko huo unatuondolea gharama ya pampu, lakini pia ndio unaopasua koki na viungo vya bomba. Kwa anayekarabati nyumba Tukuyu, Kiwira au Masoko, tunaeleza hapa mambo ya kuangalia kabla fundi hajaziba ukuta.

Presha ya usiku

Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban baa 1 ya presha. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tenki la mradi hupata karibu baa 6 maji yakiwa yametulia. Mchana wengi wanachota, presha hushuka. Usiku koki zikifungwa hupanda, na ndiyo maana bomba nyingi hupasuka watu wakiwa wamelala.

Unaponunua bomba la plastiki, soma alama iliyoandikwa ubavuni. PN 10 huhimili baa 10, na PN 16 huhimili baa 16. Kwa nyumba ya bondeni, usichukue bomba jepesi kwa sababu ya bei. Mwombe fundi pia aweke kipunguza presha baada ya mita, na koki kuu mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia.

Uvujaji usioonekana

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku. Mara nyingi tatizo ni washa iliyolika, ambayo hubadilishwa kwa muda mfupi. Uvujaji wa chini ya sakafu ni mgumu zaidi kuubaini, hasa huku kwetu ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na ardhi yenye unyevu haimshtui mtu.

Kipimo ni rahisi. Funga koki zote usiku, andika namba za mita, kisha usome tena asubuhi kabla ya mtu kuchota. Namba zikiwa zimesogea, maji yanapotea ndani ya nyumba yako, na bili ni yako. Uvujaji ulio kabla ya mita, toa taarifa kwa mamlaka ya maji au, vijijini, kwa chombo cha watumia maji.

Mpangilio wa kazi

Kosa linalogharimu zaidi ni kupiga plasta na kubandika vigae kabla ya kupima bomba. Kuvunja vigae vya bafu kwa ajili ya kiungo kimoja kilichovuja ni kulipia kazi ileile mara mbili. Tunashauri utaratibu huu:

1. Chora ramani ya nyumba na uweke alama za jiko, bafu, choo na tenki.
2. Laza kwanza bomba za maji machafu. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na uweke chemba kila linapokata kona.
3. Laza bomba za maji safi, ziba ncha zote, jaza maji kwa presha na uache usiku mzima.
4. Kagua kila kiungo mchana, piga picha za ukuta ukiwa wazi, ndipo uruhusu plasta.

Tenki la lita 1,000 likijaa hubeba tani moja ya maji, hivyo lijengewe msingi wa zege au mnara imara. Shimo la maji taka likae upande wa chini wa nyumba, angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi. Kwenye mteremko, kumbuka pia jirani wa chini: uchafu wako unaelekea kwake.

Picha zile za ukuta zihifadhi pamoja na hati za nyumba. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi atajua pa kutoboa.