Nyimbo za Waliotutangulia

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kuwaona vijana wanne au watano wamekusanyika kivulini, mmoja ana gita, mwingine anapiga meza kwa viganja badala ya ngoma, nao wanaimba wimbo uliotungwa na watu wasiopata kuwaona, katika lugha isiyo ya mama zao, miaka mingi kabla hawajazaliwa. Wazee wapitao hucheka au hununa. Husema kuwa kijana aimbaye wimbo wa mwingine ni kasuku tu. Nataka katika kurasa hizi tuiulize historia kama neno hilo ni la haki.

Sababu ya kuandika ni hii. Jioni moja walinijia wanachuo watatu wa chuo cha ualimu, wawili wenyeji wa Kitale na mmoja wa Bungoma. Waliniletea karatasi yenye majina ya nyimbo ishirini za roki za zamani, nyingi zikiwa za Beatles na Queen, wakaomba chumba cha kufanyia mazoezi. Walitaka kuunda bendi itakayozipiga nyimbo hizo kama zilivyopigwa na wenyewe, sauti kwa sauti na pigo kwa pigo. Mwalimu mwenzangu aliyekuwapo akawauliza, "Je, kwenu hakuna nyimbo?" Wawili walicheka. Yule wa Bungoma hakucheka. Alijibu kuwa kwao liko litungu la babu yake, limetundikwa ukutani tangu mzee alipofariki, na hapana mtu nyumbani ajuaye kukaza nyuzi zake.

Jibu lile lilinikaa moyoni. Niliwapa chumba, lakini sikuwapa nasaha siku ile, kwa kuwa sikuwa nayo. Nilikwenda kwanza kutafuta katika mambo yaliyopita.

Tuanze na litungu lenyewe. Ni kinanda cha Wabukusu, chenye nyuzi saba zilizovutwa juu ya bakuli lililowambwa ngozi. Kilipigwa arusini, katika sherehe za tohara na penye mikusanyiko ya wazee, na mpigaji wake alikuwa msanii na mtunza kumbukumbu kwa pamoja. Basi jiulize: mpigaji yule alijifunzaje? Hapakuwa na kitabu cha noti wala shule. Aliketi karibu na aliyemtangulia, akatazama vidole, akasikiliza, akaiga. Alipiga nyimbo za mwalimu wake mpaka zikamkaa mkononi, ndipo akatunga zake. Kwa hiyo hata sanaa tunayoiita ya asili ilipokewa kwa kuiga. Anayemcheka mwigaji amcheke na babu yake.

Kisha ikaja reli. Ilifika Eldoret mwaka 1924, tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapita Bungoma ikaendelea mpaka Kampala, ilikofika mwaka 1931. Katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia walikusanyika vibarua wa makabila mengi, na wengi wao walitoka Bungoma. Penye mshahara, hata uwe mdogo, hufika bidhaa; na miongoni mwa bidhaa zilizoingia bara katika miaka ile zilikuwamo santuri na gita.

Nguvu ya santuri ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani leo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amefariki mwaka 1933, likitamkwa kwa ulimi wa Kipsigis. Sauti yake ilikuwa imewafikia katika santuri, nao wakamwimba kwa sauti zao wenyewe kana kwamba ni kiumbe nusu mtu na nusu mnyama. Hawakuweza kumwiga sawasawa, na katika kutoweza huko wakafanya jambo jipya kabisa.

Vita Vikuu vya Pili navyo viliongeza mwendo. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, alikuwa katika kikosi cha kuwaburudisha askari wa Afrika Mashariki huko Asia, na baada ya vita akawa mmoja wa wapigaji gita wa mbele nchini Kenya. Kutoka Katanga zilikuja nyimbo za Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, na vijana wa magharibi ya Kenya walizisikiliza kwa makini. Miongoni mwao alitokea George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wake huitwa omutibo: kidole gumba kinatembea katika nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba katika nyuzi nyembamba, na mwenzake anagonga chupa kutunza mwendo. Huko Bunyore, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola waliuendeleza mtindo huo kwa jina la Abana ba Nasery, Okola akiwa mwenye chupa. Mwaka 1991 walikwenda Uingereza, wakarekodi nyimbo zao pamoja na wanamuziki wa huko. Na mwana wa Mukabi amezipiga nyimbo za baba yake mpaka miaka hii yetu. Huyo naye, ukipenda, mwite mwigaji. Lakini pasipo mikono kama yake wimbo wa marehemu hubaki katika santuri tu.

Sasa tuvuke bahari, tuwatazame wale ambao wanachuo wangu walitaka kuwaiga. Utastaajabu kuona kuwa nao walikuwa waigaji. Vijana wa Liverpool walioitwa Beatles walikwenda Hamburg mwaka 1960, wakapiga vilabuni saa nyingi kila usiku, na sehemu kubwa ya nyimbo zao zilikuwa za Wamarekani kama Chuck Berry na Little Richard. Santuri yao ndefu ya kwanza, ya mwaka 1963, ilikuwa na nyimbo 14: nane walizitunga wenyewe, na sita zilikuwa za watu wengine. Wenzao, Rolling Stones, walioanza London mwaka 1962, walichukua hata jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, mtu mweusi wa Mississippi. Maana roki imetoka katika nyimbo za wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Kijana wa Bungoma aipigapo haingii katika nyumba ya wageni watupu.

Na Queen je? Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Alipelekwa kusoma Panchgani, nchini India, na huko, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, yeye na wanafunzi wenzake wanne waliunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Yeye alipiga piano. Walichopiga kilikuwa nyimbo za watu waliovuma wakati ule, Cliff Richard na Little Richard miongoni mwao. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, jamaa yake walihamia Uingereza, na mwaka 1970 Queen ikazaliwa. Tafakari, msomaji: mtu ambaye leo bendi nyingi duniani zinamwiga, alianza kama mtoto wa shule akiwaiga wengine.

Wala mkondo haukutiririka upande mmoja tu. Daudi Kabaka, ambaye asili yake ni watu wa magharibi ya Kenya, aliimba Nairobi pamoja na bendi ya Equator Sound. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa mwaka 1968 na The Tremeloes wa Uingereza, ukaingia miongoni mwa nyimbo 20 zilizouzwa zaidi nchini humo. Hao The Tremeloes ndio wale ambao mwaka 1962 kampuni ya Decca iliwachagua ikawakataa Beatles. Basi bendi iliyowashinda Beatles mlangoni mwa Decca ilikuja kuimba wimbo wa Mkenya.

Beatles walitengana mwaka 1970, na watu waliobaki na kiu ya kuwasikia walitafuta njia nyingine. Mwaka 1980 ilianzishwa Uingereza bendi iitwayo Bootleg Beatles, ambayo kazi yake ni kuzipiga nyimbo zile kwa mavazi, sauti na ala zifananazo na za wenyewe. Bendi za namna hiyo zimeenea tangu hapo. Nchini Kenya tuna desturi iliyo karibu nayo, tunayoiita zilizopendwa. Bendi ya Them Mushrooms, iliyotupa wimbo "Jambo Bwana" mwaka 1982, ilimwendea Fundi Konde mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzee huyo akiwa amekaa kimya muda mrefu, wakazirekodi upya nyimbo zake pamoja naye. Alifariki mwaka 2000, lakini alikuwa amesikia nyimbo zake zikirudi vinywani mwa vijana. Ni wachache wapatao bahati hiyo.

Kazi yenyewe si ndogo kama wadhanivyo wanaocheka. Niliwatazama wanachuo wangu majuma mengi. Bendi ya roki yahitaji gita la kuongoza, gita la kuandamana, gita la besi lenye nyuzi nne, dramu na mwimbaji. Wao walikuwa watatu, kwa hiyo walitafuta wawili zaidi. Kila mmoja alipewa fungu lake alisikilize peke yake, na hapo wakagundua kuwa walikuwa hawajapata kuusikia wimbo hata mmoja. Walikuwa wakiyasikia maneno tu; besi ilikuwa imewapita masikioni miaka yote. Wimbo waliodhani ni mwepesi uliwachukua siku tisa. Mwimbaji alipanda mpaka sauti ikapasuka, ikawabidi kuushusha wimbo mzima. Mpiga dramu alikimbia, wenzake wakachelewa. Yalizuka magomvi juu ya nani aonekane mbele. Hatimaye walijifunza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba anayepiga kwa nguvu kuliko wenzake huwa ameacha kuwasikiliza.

Hapo ndipo nilipopata nasaha niliyoikosa jioni ile. Niliwaambia mambo mawili.

La kwanza ni haki ya mwenye wimbo. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi ulimwenguni. Lakini wako waliodai kuwa mtungaji ni Adam Salim, na mabishano hayo hayajasahaulika mpaka leo. Jina la mtungaji lisipoandikwa mapema, hugeuka kesi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na apigaye wimbo wa mwingine mbele ya watu kwa malipo hana budi kupata ruhusa. Niliwaagiza kutaja jina la mtungaji kabla ya kila wimbo, awe wa Liverpool au wa Kisa.

La pili ni juu ya ule ukuta wa Bungoma. Sikuwaambia waache roki. Niliwauliza tu: ikiwa mna subira ya siku tisa kwa ajili ya besi ya mtu wa Liverpool, je, hamna subira ya siku tisa kwa ajili ya litungu? Kijana yule aliinama. Likizo ilipofika alilitungua litungu la babu yake, akampelekea mzee mmoja wa kijijini. Mzee alilitazama, akasema nyuzi tatu zimeoza na ngozi imelegea. Kisha akamwambia aketi karibu atazame vidole.

Mwaka 1926, reli ilipofika Kitale, Hugh Stoneham alianzisha huko makumbusho yake ya vitu vya asili. Makumbusho ya Kitale ni mwendelezo wa kazi yake, nawe ukipata nafasi nenda ukayaone. Lakini kitu kilichomo katika kabati la kioo hakiwezi kujifundisha chenyewe kwa mtoto. Wimbo huhitaji mtu wa kuupiga na mtu wa kuuiga, na nafasi kati ya hao wawili ni fupi kama maisha ya mzee mmoja.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Msomaji mpenzi, piga nyimbo za ng'ambo, nawe uzipige vizuri, maana atakayekufundisha kusikiliza amekutendea wema, atoke popote. Ila kabla ya kwenda kulala leo, uliza nyumbani kwenu ni nani wa mwisho ajuaye wimbo wa zamani, na umri wake ni miaka mingapi.