Mpangaji na Mwenye Nyumba katika Mwambao wa Rumonge

Kitenzi "kupanga" kina maana zaidi ya moja, na mwalimu anapokifundisha hana budi kuzitenga. Tunapanga viti, tunapanga safari, tunapanga chumba. Maana hii ya tatu imechangia sana kuijenga miji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, lakini historia yetu huandikwa zaidi juu ya wenye ardhi. Mpangaji hupita kurasani kama mtu aliyebisha hodi kuomba maji.

Kabla ya kodi palikuwa na ruhusa. Katika karne ya 19 mgeni aliyefika pwani hii kwa mtumbwi kutoka Ujiji alimwendea mkuu wa mahali, akatoa hongo au zawadi, akaoneshwa pa kukaa. Ruhusa hiyo ilidumu kadiri maelewano yalivyodumu. Wamisionari wa Afrika walifungua kituo Rumonge mwaka 1879. Mwezi Mei 1881 watu watatu wa kituo hicho waliuawa, na kituo kikaachwa. Hata Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, pamoja na nguvu zake zote za Ujiji, alishindwa kumtiisha Mwami Mwezi Gisabo milimani. Kwa hiyo hadi Wajerumani walipoingia na askari wao, Uswahili wa Burundi ulikuwa hasa jambo la ufukweni.

Wageni hao walikuja pia na namna yao ya kujenga. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko na choo. Nyumba ya namna hiyo inafaa mno kupangishwa: mwenyewe huchukua chumba kimoja au viwili, vingine huvitoa kwa kodi. Katika ukumbi mmoja waweza kukutana Mrundi aliyeshuka kutoka milimani, Mbembe aliyevuka ziwa, Muha wa Kigoma na mjukuu wa Mmanyema. Wataelewana kwa lugha gani juu ya zamu ya kufagia uani? Nathubutu kusema kuwa chumba cha kupanga kimekifundisha Kiswahili watu wengi kuliko darasa, nasi walimu tusione haya kukiri.

Kodi hulipwa kwa mwezi, na hapa lugha inatuchezea kidogo. Mvuvi wa ndagala hutegemea usiku wa giza, maana taa zake huvuta samaki vizuri pasipo mbalamwezi. Mwezi wa angani ukiwaka, mfuko wake hukauka. Mwezi wa kodi nao haungoji. Mwenye nyumba anayeishi ukumbi mmoja na mvuvi hulijua hilo bila kuelezwa.

Wabelgiji walitaka mambo yawe kwa ramani. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ikagawanywa kwa mitaa: Waswahili wakakaa Buyenzi, na katika miaka ya 1950 zikajengwa nyumba za Ngagara, mtaa ambao wengi bado huuita OCAF kwa jina la ofisi iliyoujenga. Rumonge, kilomita 70 na zaidi kusini, haikupata mipango mikubwa ya jinsi hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisasi cha serikali kilichofuata kiliangamiza Wahutu wengi mno nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba na nyumba vikashikwa na wengine, na sehemu ya ardhi ikaingia katika mashamba ya michikichi.

Walioondoka walipoanza kurudi, hasa mwaka 2008 na 2009, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, kwanza ilipendelea kugawana chini ya Padri Astère Kana. Tangu 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, ilielekea kurudisha mali yote kwa aliyekimbia. Mei 2013 kuhamishwa kwa familia moja kutoka nyumba ya Ngagara kulizusha vurugu mpaka polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Katika mabishano hayo palikuwa na pande mbili: aliyerudi na aliyekaa. Je, aliyepangishwa na huyo aliyekaa? Yeye alikuwa amelipa kodi kwa uaminifu, wala hakumnyang'anya mtu. Siku nyumba ilipobadili mwenyewe, alipaswa kuanza upya na mtu asiyemfahamu, au kutafuta chumba kingine.

Miaka ya karibuni ziwa nalo limedai sehemu yake. Maji yalipanda sana, na kufikia 2024 yalikuwa yamezifunika nyumba nyingi za mwambaoni, zikiwamo za mtaa wa Kanyenkoko mjini Rumonge. Mwenye nyumba aliyepoteza kuta alikuwa na mali ya kuorodhesha. Mpangaji alikuwa na kitanda chake, masufuria, na kodi ya mwezi aliyokwisha kuilipa.