Paka Mlinzi na Mama Asiye na Uso

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi baada ya wiki nzima ya kubeba boksi, mwanangu anaangalia Tom na Jerry. Mara akageuka: "Mama, mbona huyu anti haonyeshwi uso?" Jamani, katuni hizo nimeziangalia tangu Dar miaka ya 1990, tumejazana watoto kwa jirani mwenye runinga, lakini swali hilo sikuwahi kujiuliza. Basi nikafuatilia historia yake, na leo nawaletea.

Mambo yalianza Februari 1940, studio ya MGM ya hapa Marekani ilipotoa filamu fupi ya katuni iitwayo Puss Gets the Boot. Waliotengeneza ni vijana wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Paka bado hakuwa Tom, aliitwa Jasper. Kisa chenyewe ni kifupi: paka anafugwa ili alinde nyumba dhidi ya panya, lakini kila akimfukuza panya anavunja vitu. Mama wa nyumbani anamwambia wazi kwamba akivunja kitu kimoja tu zaidi, atatupwa nje. Panya akisikia hivyo, anabeba glasi na kutishia kuiangusha. Mlinzi anageuka mtumwa wa yule anayemlinda! Mwisho vyombo vinavunjika, paka anaburutwa nje, na panya anaweka mbele ya tundu lake kibao cha kusifia utamu wa nyumbani.

Filamu hiyo iliteuliwa kugombea Oscar. Haikushinda, lakini studio iliona biashara. Mwaka 1941 paka na panya wakarudi katika The Midnight Snack, sasa wakiitwa Tom na Jerry. Majina hayo yalipatikana kwa shindano la ndani ya studio, na mchoraji John Carr akajinyakulia dola 50. Baadaye mfululizo huo ulipata Oscar saba.

Mwaka 1943 ikatoka The Lonesome Mouse. Humo Jerry anasababisha Tom afukuzwe, halafu upweke unamzidi, wanakula njama ya kumtisha mama ili paka arudishwe kazini. Hapo nilicheka, kwani ni kweli: bila mwizi, mlinzi hana mshahara.

Sasa turudi kwa yule mama. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyejulikana sana redioni. Ndiye anayepika, anayefagia, anayempa paka kazi na kumfukuza. Lakini tunachoonyeshwa ni miguu, aproni na mikono tu. Mwaka 1950, katika Saturday Evening Puss, uso wake unapita haraka akiwa anakimbia. Ukipepesa macho umeukosa. Na jina la Lillian halikuandikwa kwenye filamu hizo. Paka ana jina, panya ana jina, mwenye sauti hana. Mashabiki walimzoea kama Mammy Two Shoes, na "mammy" ndivyo wazungu walivyomwita mama mweusi anayewatumikia majumbani mwao.

Mwezi uleule wa Februari 1940, tarehe 29, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Alishinda kwa kuigiza mtumishi, naye akiitwa Mammy, katika Gone with the Wind. Usiku huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mwanamke mweusi Hollywood akikataa kuigiza mtumishi, kazi nyingine hazikuwa nyingi.

Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kililalamikia picha za namna hiyo, na hakikukosea. Mwaka 1952 ikatoka Push-Button Kitty. Mama ananunua paka wa mashine, Tom anafungasha virago. Mashine inafanya kazi vizuri mpaka Jerry anapoachia panya wa bandia, inawafukuza na kubomoa nyumba nzima, na mama anamlilia Tom arudi. Tom alirudi kazini. Mama ndiye hakuonekana tena. Hiyo ilikuwa filamu yake ya mwisho.

Haikuishia hapo. Miaka ya 1960, katuni za zamani zilipopelekwa kwenye televisheni, baadhi zilichorwa upya, mama akageuzwa mwanamke mzungu, na sauti ya Lillian ikafutwa na kuwekwa ya June Foray. Siku hizi picha za asili zimerudi, mara nyingine zikiwa na onyo mwanzoni. Ndiyo maana mwanangu amemwona.

Ninavyoona mimi, kosa halikuwa kwamba mama yule alikuwa anafagia. Kufagia ni kazi. Kosa ni kwamba alikatwa kichwa, na walipolaumiwa, badala ya kumpa uso wakamwondoa mzima.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nasafisha nyumba za watu. Kuna nyumba moja najua mbwa wao anaitwa nani, anakula nini na daktari wake yuko wapi. Wao, baada ya miaka miwili, jina langu bado linawapiga chenga. Lakini nisiwaseme wazungu peke yao. Kule kwa jirani tulipokuwa tunaangalia katuni, dada wa kazi alikuwa anaangalia akiwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi, mpaka aitwe jikoni. Tulimwita "dada" tu. Nimempigia simu mama yangu kumuuliza jina lake. Kafikiri sana, hakumbuki.

Mwanangu nimemjibu kwamba anti yule uso alikuwa nao, waliomchora ndio hawakutaka kuuangalia.