Daftari la Mahindi

Mimi ndiye ninayeshika daftari la mahindi katika shule anayosoma binti yangu hapa Tunduma. Mzazi akileta debe lake la mahindi na sado ya maharage, naweka alama mbele ya jina la mtoto. Mwaka huu, mwezi wa tatu ulipokwisha, majina yasiyo na alama yalijaza kurasa mbili. Mzazi mmoja akasimama kikaoni: "Asiyeleta, mtoto wake asile." Wengi walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana jina langu liliwahi kuwa kwenye orodha kama ile.

Ilikuwa 1996, nikiwa darasa la nne. Majina ya ambao hawajalipa mchango wa UPE yalisomwa mstarini, tukarudishwa nyumbani. Mama alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza mchele. Nilimsubiri siku mbili. Aliporudi hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Kikao cha kuamua hayo kilikaa lini, na nani alikuwepo?"

Swali hilo ni la zamani kuliko mama. Mwaka 1955 kilianzishwa chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, TAPA, na wazazi wakafungua shule zao, kwa kuwa watoto wengi walikosa nafasi katika shule za mkoloni. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, wanavijiji walichoma tofali na kusomba maji na mchanga. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaweka kamati za shule. Lakini wazazi wa mtaani kwetu, nikikumbuka, waliitwa kuambiwa cha kutoa.

Mambo yalibadilika kwa MMEM. Ada ilifutwa, na kuanzia 2002 fedha za ujenzi zikafika kwenye akaunti za shule, kamati ikasimamia mafundi. Matumizi yalibandikwa ubaoni. Mama hakukosa kikao tena. Alijua bei ya kila mfuko wa saruji, na fundi alimwogopa.

Kisha mwaka 2016, mwaka uleule mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, ikaanza elimu bila malipo. Serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Ilikuwa nafuu kubwa kwa watoto wa aina yangu. Ila uji na makande havimo katika fedha hiyo. Vinategemea hiari ya wazazi. Na mji wetu umefurika: sensa ya 2012 ilikuta watu wasiofika 100,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Jirani wa leo kesho kahama. Hiari inakuwa ngumu kwa watu wasiojuana.

Nilipopata sauti, niliuliza swali la mama: hawa wa kurasa mbili, nani amewahi kuongea nao? Kimya. Tukagawana mitaa, walimu wawili na wazazi sita. Tulimkuta bibi anayelea wajukuu watatu peke yake. Tulimkuta utingo ambaye lori lake lilikwama foleni ya mpakani siku ya kikao. Tuliwakuta pia wenye uwezo kabisa, waliosema bure ni bure. Wengine walileta debe wiki ileile. Wengine wakajitolea kuni au zamu ya kupika.

Sasa yamebaki majina tisa. Watoto hao wanakula pamoja na wenzao. Yule mzazi bado hajaridhika, na ana hoja: mwakani wote wakisubiri kutembelewa, sufuria litajazwa na nani? Sina jibu la kumtosha. Nimemwomba tu mwakani tuzunguke wote, yeye na mimi, kabla mahindi hayajavunwa.