Funguo za Watu

Mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, aliponiuliza kwa simu nafanya kazi gani huku Chicago, nilimjibu kuwa nipo gereji. Akafurahi. "Alhamdulillahi, umepata ufundi." Ikabidi nimrudishe polepole: "Hapana, mjomba. Gereji ya huku haina fundi wala spana. Ni jengo la kulaza magari. Watu wananiachia funguo, mimi napanda nayo juu kuyapaki." Akanyamaza kidogo. "Kwani wenyewe hawajui kuendesha?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa kichwani, maana wachoraji wa majengo ya mji huu wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia. Gari likishafika mlangoni, nani alipeleke juu? Mwenye gari, mashine, au mtu kama mimi? Ukishalijibu hilo ndipo unaweza kuchora upana wa njia, ukali wa mteremko na nafasi ya nguzo hadi nguzo.

Mwaka 1918, kampuni ya Holabird & Roche ilichora gereji ya ghorofa tano kwa ajili ya wageni wa Hotel La Salle, mtaa wa Washington. Ilikuwa na kuta na madirisha kama nyumba nyingine yoyote. Magari mengi ya enzi zile yalikuwa na paa la turubai, na rangi yake haikustahimili mvua wala jua, kwa hiyo gari lililazwa ndani kama alivyolazwa farasi kabla yake. Jengo hilo lilivunjwa mwaka 2005.

Ninalolipenda zaidi liko Wacker Drive namba 35, upande wa mashariki. Lilikamilika mwaka 1927, ghorofa 40, likakusudiwa masonara na wauza almasi. Hofu yao ilikuwa ile hatua chache kati ya gari na ofisi, mtu na mkoba wake mkononi. Basi wachoraji wakaliachia jengo tumbo wazi katikati, wakaweka lifti ya magari humo. Sonara aliingia na gari lake kutoka barabara ya chini (Wacker Drive ina barabara mbili, moja juu ya nyingine), mashine ikambeba, naye akashukia ghorofa yake bila kukanyaga njia. Maegesho yalipanda zaidi ya ghorofa 20 ndani ya jengo lenyewe. Mashine ikasumbua, magari nayo yakazidi kurefuka mwaka hadi mwaka. Ilipofika 1940 mpango mzima ukaachwa, lile tumbo likajazwa ofisi. Wanaofanya kazi mle leo wanapiga chapa pale yalipolala magari ya masonara.

Mashine inapogoma, kuna mtu. Katika gereji za zamani watu wa funguo waliyabana magari pua kwa mkia, na kwa kuwa kushuka ngazi kulipoteza muda, wengine waliteleza kwenye bomba la chuma kama wazima moto. Kwenda juu, palikuwa na mkanda unaozunguka bila kusimama, wenye vibao vya kukanyaga. Unarukia, unaruka tena ukifika. Baada ya Vita vya Pili mishahara ikapanda, wenye gereji wakaona afadhali dereva apaki mwenyewe. Hapo michoro ikabadilika. Njia zikapanuliwa kwa ajili ya asiyejua kupiga rivasi, mteremko ukalegezwa kwa ajili ya mwoga. Gari lenyewe linahitaji kama mita mbili na nusu kwa tano. Ukijumlisha na njia ya kupitia, kila moja linakula karibu mita za mraba 30. Chumba tulicholala watoto wanne Ngamiani hakikufika nusu yake.

Kisha akaja Bertrand Goldberg, mzaliwa wa Chicago aliyesoma Bauhaus huko Ujerumani. Marina City yake ni minara miwili ya zege kando ya mto, ghorofa 65 kila mmoja. Watu huifananisha na magunzi ya mahindi. Fedha zilitoka kwa chama cha wafagiaji na waendesha lifti, kilichoongozwa na William McFetridge. Walikuwa wanaona wakazi wakihamia nje ya mji, na majengo yakibaki matupu, nani atawahitaji? Wakajenga nyumba za kuwarudisha watu katikati. Na mtu wa 1960 harudi bila gari lake, ndiyo maana ghorofa 19 za chini ni za magari, kama 450 kila mnara, karibu sawa na idadi ya makazi yaliyo juu.

Ukweli ni kwamba hizo si ghorofa hasa. Ni njia moja inayojizungusha kuelekea juu, kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Ukuta hakuna. Magari yamekaa ukingoni, mikia nje, mto chini. Katika filamu ya Steve McQueen ya mwaka 1980, *The Hunter*, gari moja linarushwa kutoka pale hadi majini. Njia ya namna ile humwachii kila dereva, kwa hiyo mpaka leo mkazi anaacha funguo chini na mfanyakazi wa gereji ndiye anayepanda na gari. Wafagiaji walijenga mnara, na mnara ukampa kazi mtu wa funguo.

Gereji yetu sisi ni ya kawaida, haina jina la kutajwa. Ila kila ghorofa, kwenye pembe ileile, sakafuni kuna duara la zege la rangi tofauti, upana wa sinia la pilau. Mzee niliyemkuta kazini ndiye aliyeniambia kuwa bomba lilipita hapo. Mimi hulaza magari madogo juu yake.